Geji inasoma 0.8 na bomba limepasuka: hiyo ni buku nane, sio mia nane

Swali limetoka kwa msomaji wa Kibosho, nalifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Ukoo wetu tumejichanga tukavuta maji kutoka chanzo cha juu mpaka vihambani, bomba jeusi la plastiki limeandikwa PN 10. Nikanunua geji Moshi mjini, ina maandishi MPa. Siku ya kwanza mchana ilisoma 0.8, fundi wetu akasema hiyo presha hata moja haifiki na bomba lina uwezo wa kumi, laleni salama. Jioni tukafunga koki zote. Asubuhi tukakuta bomba limeachia kule chini karibu na nyumba ya baba mdogo, maji yamefukua migomba. Sasa dukani wanasema bar, fundi mwingine anasema kilo, mtandaoni nakuta kPa na hPa, na gari ya shemeji mlangoni imeandikwa 220. Hivi ni vitu vingapi hivi? Na mtu anabadilishaje bila kurudi shule?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni na migomba. Mimi kazi zangu ni maji na pampu, karakana ndogo iko huku Unga Limited Arusha, na hili swali lako linanijia kila mara kwa sura tofauti, leo geji ya pampu, kesho kompresa, keshokutwa mtu kaleta kitabu cha mashine ya Kijapani hakielewi, kwa hiyo acha nijibu kwa urefu niwe naelekeza watu hapa.

La haraka kwanza. 0.8 MPa ni bar 8. Sio bar 0.8. Fundi wenu alipishana na ukweli mara kumi, lakini usimwonee sana maana hata hiyo bar 8 sio iliyoharibu, iliyoharibu ni presha ya usiku ambayo hakuna mtu aliyeamka kuisoma. Nitafika huko.

Ni kitu kimoja chote hicho. Kwenye vitabu vya Kiswahili wanaita kanieneo, na jina lenyewe limeshamaliza somo, kani juu ya eneo, nguvu kiasi gani inakandamiza sehemu yenye ukubwa gani. Mtaani tunasema presha, ingawa ukisema una presha watu wanakupa pole. Tofauti ya bar na kPa na MPa ni kama tofauti ya noti na chenji, na mimi siku hizi nafundisha vijana wangu kwa pesa kabisa maana nimeona Mtanzania hakosei hesabu ya pesa hata kama darasani alikuwa wa mwisho.

Chukua hivi. Paskali, ile inayoandikwa Pa, ifanye ni senti moja. Ni kitu kidogo mno, ni uzito wa nyanya moja ya gramu 100 hivi, hebu fikiria umeipondaponda ukaipaka sawasawa juu ya meza ya mita moja kwa mita moja, meza haiwezi kujua kama kuna kitu. Ndo maana hakuna anayeuza kitu kwa paskali mojamoja, kama ambavyo hakuna mama Soko la Mbuyuni atakuambia fungu la mchicha ni senti ngapi. Paskali mia zinafanya hektopaskali, hPa, hiyo ni shilingi moja. Kilopaskali, kPa, ni paskali elfu, so ni shilingi kumi. Bar ni paskali laki moja, fanya hesabu, shilingi elfu moja, buku. (Na hii bar sio ile ya bia.) Megapaskali, MPa, ni paskali milioni, shilingi elfu kumi, ule msimbazi mwekundu wenye tembo.

Rudi sasa kwenye geji yenu. Ilisema 0.8 ya msimbazi. Sifuri nukta nane ya elfu kumi ni elfu nane, buku nane. Fundi yeye kichwani alikuwa na buku, akaona 0.8 ya buku, mia nane, akaona bomba lenye uwezo wa buku kumi limebaki na nafasi kubwa tu. Kosa la namna hiyo pesa mkononi hakuna mtu angelifanya, lakini kwenye geji linafanyika kila siku.

Ukishaipanga hivyo hizi za familia moja huhitaji kikokotoo. Hapa hubadilishi fedha, unavunja noti tu. Umekuta 350 kPa? Mia tatu hamsini za shilingi kumikumi, elfu tatu na mia tano, buku tatu na nusu, bar 3.5, na ukitaka kwa msimbazi ni 0.35 MPa. Umekuta 0.25 MPa? Elfu mbili mia tano, bar 2.5, 250 kPa. Milibar, mbar, ni bar imegawanywa elfu, kwa hiyo ni shilingi moja, sawasawa kabisa na hPa, majina mawili ya kitu kilekile, kwa hiyo ukiona regulator ya mtungi wa gesi jikoni imeandikwa 30 mbar ujue ni shilingi 30 tu, gesi ya jikoni inatoka taratibu sana. Nukta inahama kushoto au kulia, tarakimu hazibadiliki. Ukiona umeanza na 35 ukaishia na 48 ujue umeingia njia isiyo yako.

Mimi mwenyewe nimeshaumbuka kwenye hili. Zamani kidogo, naanza kazi, nilienda kufunga pampu ya kusukuma maji bafuni kwenye nyumba ya wageni upande wa Usa River, swichi ya presha ilikuwa ngeni kwangu, nimezoea zile za psi nikajua arobaini ndo namba ya kawaida ya kuzimia, nikaseti 40, nikachukua hela yangu nikaondoka. Kumbe ile swichi ilikuwa ya kPa. 40 psi ni kama 276 kPa, na mimi nimeweka 40 kPa, shilingi mia nne, presha ya kupandisha maji mita nne tu basi. Pampu ikawa inawaka inazima, maji yanafika chini vizuri, ghorofa ya kwanza yanachungulia, na ghorofa ya pili kuna mgeni ana sabuni kichwani. Nilipigiwa simu nikiwa bado sijafika Tengeru. Toka siku hiyo kitu cha kwanza naangalia ni herufi, namba baadaye.

Sasa zile nyingine. Kilo, psi, milimita za zebaki, na ile wanaita atmosfia, hizo ni fedha za kigeni. Hapo ndo unaenda Namanga kuulizia reti.

Kilo ya fundi wako wa pili sio kosa, ni kgf/cm², uzito wa kilo moja juu ya sentimita moja ya mraba, kama ukucha wa kidole hivi. Geji nyingi za zamani za Kijapani na za Kihindi zina hiyo, na ndo maana mafundi wa malori na wa breki za upepo wanasema kilo sita, kilo nane. Reti yake ni shilingi 981 kwa kilo moja, 98.0665 kPa ukitaka ya kwenye kitabu. Yaani ni buku iliyopungua shilingi ishirini. Kwa kazi ya bomba na tairi kilo moja ifanye bar moja uendelee na maisha, maana asilimia mbili hiyo geji yako yenyewe haiioni. Angalia usoni mwa geji, zile za bei ya kawaida nyingi zimeandikwa 2.5 au 1.6 kwa maandishi madogo, hiyo ni kosa linaloruhusiwa kwa asilimia ya kipimo kizima. Geji inayofika 1.6 MPa yenye 2.5 inaruhusiwa kudanganya 0.04 MPa, shilingi mia nne, juu au chini. Kwa hiyo mtu anayekuletea jibu lenye tarakimu tano baada ya nukta kutoka kwenye geji ya hivyo anakupamba tu.

psi sio ya mita kabisa, ni ya pauni na inchi, ila tairi zote mjini zinaongea psi kwa hiyo huwezi kuikwepa. Moja ni 6.895 kPa, weka shilingi 69. Bar moja ni psi 14.5. Milimita ya zebaki, mmHg, ya hospitali, ni paskali 133, shilingi moja na senti 33. Presha ya damu 120 ni kama 16 kPa, shilingi 160. Ukiigeuza kuwa maji moyo wako unasukuma kimo cha mita moja na nusu na ushee, mtu mzima amesimama. Na atmosfia ni 1,013.25 hPa, yaani shilingi elfu moja kumi na tatu na senti ishirini na tano, hiyo ndo pekee niliyoiona inadai senti kweli.

Sasa maji, maana hapa ndo kuna utamu wa swali lako.

Chukua bomba jembamba lenye tundu la sentimita moja ya mraba, lisimamishe wima mita kumi, lijaze maji. Ndani kuna sentimita za ujazo elfu moja, lita moja, kilo moja. Hiyo kilo moja yote imekaa juu ya sentimita moja ya mraba pale chini. Kwa hiyo mita kumi za maji ni kilo moja, ndo hiyohiyo kgf/cm², haina uchawi. Kwa pesa zetu kila mita ya maji ina shilingi 98. Bomba likilala, likipinda, likizunguka kwenye mgomba, likiwa la nusu inchi au la inchi nne haijalishi, maji yakiwa yametulia kinachohesabiwa ni kimo cha kwenda juu tu. Watu wengi hawakubali hilo mpaka waone, wanadhani bomba nene lina presha kubwa zaidi. Nene lina maji mengi zaidi, presha ni ileile.

Na PN? Ni bar, herufi hazisemi lakini ndo maana yake, presha ambayo bomba limetengenezwa kuibeba muda wote kwa maji ya nyuzi 20. PN 6 ni bar 6, kimo cha mita 61 hivi. PN 10 ni mita 102. PN 16 ni mita 163. Halafu kuna jambo wauzaji hawalisemi, plastiki ikipata joto inalegea. Bomba jeusi lililoachwa juu ya ardhi jua la Januari linaliwakia, likifika nyuzi 30 unazidisha na 0.87, likifika nyuzi 40 unazidisha na 0.74, PN 10 yako imekuwa PN 7 na kidogo bila kuandikwa popote. Lifukieni. Wazee wenu walichimba mifongo, ile mifereji ya maji ya asili, mlima mzima kwa majembe ya mkono, kufukia bomba haiwezi kuwa kazi kubwa kuliko ile.

Sasa usiku ule. Mchana mlisoma bar 8 maji yakiwa yanatembea, bila shaka kwa majirani huko juu koki ziko wazi, watu wanajaza ndoo na mapipa. Maji yakitembea yanasugua bomba na ule msuguano unakula presha njiani, kwa hiyo kule chini inafika iliyobaki. Mkifunga koki zote maji yanasimama, hakuna tena cha kula, na geji inapanda mpaka kimo kamili cha kutoka chanzo hadi hapo chini. Wewe hujanitajia kimo, ila tuseme ni mita 115, ambayo kwa mteremko wa Kibosho si kitu. 115 mara 98 ni 11,270, buku kumi na moja na mia mbili na ushee, bar 11.3, kwenye geji yenu ingesoma 1.13. Bomba la buku kumi. Mmelala.

Lakini nisikudanganye, PN 10 halisi haipasuki siku ya kwanza eti kwa sababu imefika 11, imewekewa akiba, itachoka mapema kuliko miaka iliyoandikiwa lakini usiku mmoja hapana. Ndo maana nakuuliza liliachia wapi, kwenye kiungio au ubavuni? Kama ni kiungio kimechomoka basi kilifungwa vibaya au chenyewe kilikuwa cha PN ndogo kuliko bomba, watu wanakagua bomba wanasahau viungio. Kama limechanika ubavuni kwa urefu basi bomba lenyewe nina wasiwasi nalo. Na kuna mshtuko. Maji mengi yanayotembea ukiyafungia ghafla yanagonga, unasikia kabisa kwenye bomba la chuma, gong. Kwenye plastiki kila mita moja kwa sekunde ya mwendo uliyoikata ghafla inaongeza bar 2 mpaka 4 hivi, kwenye chuma zinapita 10. Mtu akifunga ile koki kubwa ya chini kwa mpigo, juu ya zile 11 ongezea hizo. Koki ya namna hiyo inafungwa pole pole kama unamuaga mkwe.

Sasa utajuaje kimo bila kumlipa mpima ardhi? Usitumie GPS ya simu kwa kimo, inaruka sana. Ila simu nyingi zina kipima hewa ndani, barometa ndogo, tafuta programu ya bure inayoonyesha namba ya hicho kipima chenyewe. Itakuonyesha hPa, shilingi zetu. Hapo kwenu kwenye mita 1,400 hivi utaona kama 860. Usiichanganye na ile ya utabiri wa hali ya hewa inayosema 1,016, ile imeshapelekwa kimahesabu mpaka usawa wa bahari ili Moshi na Tanga zilinganishwe, haikufai kwa kazi hii.

Kwa kimo cha kwenu kila mita kumi unazopanda hewa inapungua hPa moja, shilingi moja. Ona sasa, mita kumi za maji ni shilingi 980 na mita kumi za hewa ni shilingi moja, kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa ya hapo karibu mara elfu. Kwa hiyo ukikuta chanzo kinasoma 851.0 na nyumba ya baba mdogo inasoma 862.5, tofauti ni 11.5, kimo ni mita 115 na presha ya maji yakiwa yamelala ni bar 11 na kitu. Shilingi ya hewa inageuka buku ya maji, ndo mchezo wote.

Ila kuna mtego, na wengi wanaopima kwa simu wananaswa hapa. Hewa ya huku kwetu karibu na ikweta inapumua kila siku, inapanda kuelekea saa nne asubuhi na inashuka kuelekea saa kumi jioni, hPa tatu hivi tofauti hata kama hujasogea hatua. Ukipima chanzo asubuhi, ukapitia mbege kidogo kwa jirani, ukapima chini jioni, umeshajidanganya mita thelathini. Pima juu, shuka bila kuchelewa, pima chini, panda tena upime juu, halafu zile mbili za juu chukua katikati yake. Simu ileile moja, sio yako juu na ya mdogo wako chini.

Na hii sio mbinu mpya ya vijana wa simu. Mwenye jina la paskali, Blaise Pascal wa Ufaransa, alifanya hivihivi, au niseme alimfanyisha shemeji yake. Torricelli wa Italia alikuwa ameshaonyesha mwaka 1643 kwamba hewa inaweza kushikilia zebaki kwenye mrija, kama milimita 760. Pascal akawaza kama kweli ni uzito wa hewa basi ukipanda mlima zebaki itashuka. Yeye afya haikuwa nzuri na alikuwa mbali, akamwandikia shemeji yake Florin Périer, na Septemba 1648 Périer akapanda mlima Puy de Dôme na mrija wake, mrija mwingine kauacha chini kwa mtawa auangalie siku nzima usije ukacheza wenyewe. Unaona, hata yeye alijua ule mtego. Juu zebaki ikashuka zaidi ya sentimita 8. Kilele cha mlima wenyewe ni mita 1,465, ambayo kwa sisi ni Arusha mjini tu pamoja na kamteremko kidogo, mtu anaenda kununua mkate. Jina la Pascal lilikuja kupewa kipimo rasmi mwaka 1971, miaka zaidi ya mia tatu baadaye. Shemeji hakupewa chochote.

Tukiwa kwenye mashemeji, gari ya shemeji yako. Kile kibandiko mlangoni kwenye gari za Japani kawaida kina 220 na pembeni kwenye mabano 2.2. Hiyo 220 ni kPa, 2.2 ni kilo. Kwa pesa zetu ni 2,200, bar 2.2, na gawanya kwa 69 unapata kama 32. Ndo ile thelathini na mbili ambayo fundi pancha anakuwekea bila hata kuuliza. Kwa hiyo wote wako sahihi, kibandiko na fundi pancha. Angalia tu upepo upimwe tairi likiwa limepoa, sio umetoka nalo Bomang'ombe saa saba mchana.

Kuna kitu kimoja hapo lazima nikiseme kwa sababu kitakusumbua ukianza kusoma mitandaoni. Geji ikisoma sifuri haina maana hakuna presha. Ina maana ndani na nje zimelingana. Hewa ya nje yenyewe inakandamiza, Dar kama 101 kPa, Moshi mjini kama 91, huku Arusha kama 86, kileleni Uhuru kwenye mita 5,895 imebaki karibu nusu ya ile ya baharini. Geji ya kawaida inaanza kuhesabu juu ya hiyo. Kuna vifaa vingine, kama hicho kipima hewa cha simu yako, vinahesabu toka kwenye utupu kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni bar ngapi uliza kwanza imehesabiwa kutoka wapi, maana tofauti ya hapo sio ya kuvunja noti, ni mtu mmoja kaanza kuhesabu mfuko ukiwa mtupu na mwenzake kaanza ukiwa tayari na mia nane sitini. Mfano rahisi, tairi lililojazwa 220 kPa Dar likipanda mpaka Arusha bila kuguswa na joto likiwa lilelile litasoma kama 235, hakuna aliyeongeza upepo, ni nje ndo kumepungua. Mtu wa geji analitoa upepo, mtu wa hesabu anacheka. Kwa bomba lenu la maji hilo halikuhusu, hewa iko juu ya chanzo na nje ya bomba pia, zinafutana, geji ya kawaida inatosha.

Maandishi nayo yanaua watu. MPa kwa M kubwa ni mega, mPa kwa m ndogo ni mili, kati yao kuna bilioni moja. Kwenye WhatsApp watu wanaandika mpa tu, kwa bomba unajua wanamaanisha mega lakini kwenye oda ya vifaa usiandike hivyo. Geji za Ulaya nyingine wanaandika 0,8 kwa mkato badala ya nukta, na sisi mkato tunautumia kwa maelfu, kwa hiyo mtu akikuta 1,013 hajui kama ni moja na kidogo au ni elfu moja na kumi na tatu. Hapo jiulize kitu chenyewe, hewa ya nje haiwezi kuwa bar 1,013, ungeshakuwa chapati.

Kwa kazi yenu sasa. Msirudishie kiungio kilekile mkafungulia maji. Mkipima na kimo kikizidi mita 80 mimi ningeshauri kujenga katenki kadogo katikati ya mteremko, maji yanaingia kwa juu na boya, yanatulia, yanaanza upya kutoka sifuri. Maji yanayokutana na hewa yanasahau mita zote yalizoshuka. Kimo cha 115 kikikatwa katikati kinakuwa 57 na 58, bar tano na nusu na ushee kila upande, PN 10 yenu inapumua hata ikipata joto na mshtuko. Ni bei rahisi kuliko kubadilisha kipande chote cha chini kiwe PN 16, na sipendi sana zile valvu za kupunguza presha kwa maji ya chanzo, mchanga ukiingia zinakwama wazi na hamtajua mpaka usiku mwingine. Boya nalo linakwama ndio, lakini likikwama tenki linafurika mtu anaona.

Geji yenu sio mbaya, iacheni kule chini kabisa, ila muifungie nyuma ya koki yake ndogo muifungue mkitaka kusoma tu, na mchukue kalamu ya rangi mchore mstari kwenye kioo pale kwenye 1.0. Halafu usiku mmoja baada ya kutengeneza mtu aamke saa nane akaisome koki zote zikiwa zimefungwa, hiyo ndo namba ya kunitumia, pamoja na hPa ya juu, hPa ya chini na saa ulizopimia, na picha ya pale lilipoachia.